Mahali Alipolala Paka wa Bonareri

Angwenyi alikamua ng'ombe, akamimina maziwa kidogo kwenye kifuniko cha mkebe, akakiweka kando ya meko. Paka alikuja, akanywa, akajipangusa uso, kisha akaingia chumba cha ndani na kupanda kitandani. Jua lilikuwa limezama, na ukungu wa Kebirigo ulikuwa unashuka kutoka kwenye mashamba ya chai na kuingia nyumba za watu bila kubisha hodi.

Angwenyi alipoingia na koroboi alimkuta paka amelala upande wa ukutani, upande wa Bonareri mkewe. Alikuwa amejikunja kama ngata ya kubebea mtungi, mkia umefunika pua. Kati ya tumbo lake na blanketi palikuwa na hewa, unene wa mtu aliyelala ubavu. Paka alikuwa anapanda na kushuka polepole, kama kitu kilichowekwa juu ya mtu anayepumua.

Angwenyi alisimama kidogo. Kisha akavuta blanketi, akalifunika lile pengo, akalala upande wake kama siku zote. Bonareri alikuwa amezikwa juma lililotangulia, upande wa kushoto wa nyumba, mahali wanawake wanapozikwa, na udongo wa kaburi ulikuwa bado haujashuka. Alikufa kwa homa kwenye nyasi za zahanati, akingojea kwinini ambayo Daktari Walter alisema imeisha. Foleni ilisogea, yeye hakusogea.

Asubuhi Angwenyi alimkuta jirani yake Bochaberi akichuma chai ng'ambo ya ua.

"Bochaberi, yule paka analala hewani."

"Hewani kabisa, ama kuna kitu chini yake?"

"Kuna kitu. Kinapumua."

"Basi huyo ni mwenyewe. Ulidhani paka ni mjinga alale juu ya bure? Umempa blanketi?"

"Nimempa."

"Lile lake ama lile lako la kunuka ng'ombe?"

Angwenyi alinusa mkono wa shati lake.

"Wanaume," Bochaberi alisema, akatupa majani kwenye kikapu mgongoni.

Siku ya Sabato, baada ya ibada, mzee wa kanisa Zachariah alikuja kuona. Alivua kofia, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda mpaka jioni. Paka alipopanda na kulala mahali pake, Zachariah aliinama, akaangalia chini ya tumbo la paka, akainuka.

"Sisi tunafundisha ya kwamba wafu wamelala usingizi mpaka siku ya parapanda," alisema. "Huyu amelala. Sioni kosa."

"Lakini amelala hapa, mzee."

"Maandiko yamesema wamelala. Kitanda hayakutaja."

Alikunywa chai, akaomba, akaenda zake.

Watu wengi hudhani paka ni mvivu kwa sababu analala mchana kutwa, lakini hawajamtazama. Usingizi wa paka si mmoja. Upo usingizi wa kungoja, ambao macho yamefumba na sikio moja linageuka kufuata panya. Upo ule mzito, ambao makucha yanachezacheza na masharubu yanatetemeka, na huo paka huulala mahali anapopaamini tu. Paka huyu alitoka Kisii mjini, kwenye duka la Praful muuza majembe. Siku Bonareri alipomchukua, Padma, mke wa Praful, alimfunga kwenye gazeti kama mkate, akatoboa tundu la pua, akasema, "Mama, usimchagulie pa kulala. Yeye anafuata joto. Ukimchagulia, atahama." Bonareri hakumchagulia. Maisha yake yote paka yule alifuata joto: majivu ya meko, gunia la mahindi lililopigwa na jua, tumbo la ndama, magoti ya Bonareri. Sasa alikuwa anafuata kitu baridi, na usingizi alioulala juu yake ulikuwa ule mzito.

Isitoshe, Bonareri hakutulia nyumbani. Alipokuwa hai alikuwa mama wa Dorkasi, kile kikundi cha wanawake wa kanisa, akipeleka uji kwa wagonjwa na kukaa nao, na kifo hakikumwachisha. Homa ilipopanda milimani mwezi wa sita, paka alianza kupotea jioni. Alionekana kwa huyu, akaonekana kwa yule. Kwa mzee mmoja wa Kebirigo alilala kwenye miguu, juu ya blanketi kabisa, na yule mzee akatoa jasho, akaamka, akaulizia ugali. Kwa msichana mmoja karibu na kituo cha majani chai alilala hewani, upande wa ukuta. Yule alizikwa.

Watu walijifunza kama wanavyojifunza mawingu. Paka akilala chini, ni homa tu, itapita. Akilala juu, Bonareri ameshalala kando ya mgonjwa na anamngoja wafuatane. Hata hapo bado kulikuwa na nafasi. Mwalimu mmoja alilaliwa juu, na kaka yake akakimbia Kisii mjini akarudi na kwinini ya kununua. Mwalimu alipochomwa sindano, paka alishuka pole pole mpaka akagusa blanketi, maana Bonareri alikuwa ameinuka na kuondoka. Kwa hiyo watu walijua. Hakuna aliyemfukuza paka. Jioni milango iliachwa wazi kidogo.

Mlimani hapo zamani hapakuwa na mbu wa kuhesabika. Mwaka ule walikuwa wengi. Watu wale walikuwa wanalima pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Waliyachuma, wakayakausha, wakayapeleka kwa chama cha ushirika, nayo yakaenda kuua mbu wa nchi za wenyewe. Wakubwa walisema hiyo ndiyo biashara.

Angwenyi alikuwa na mtoto mmoja, Nyabuto, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai huko Kericho. Mke wa Nyabuto, Persis, aliachwa kwenye nyumba yao ng'ambo ya ua, karibu na migomba. Alikuwa ameolewa mwaka uliopita. Baada ya Bonareri kufa ndiye aliyempikia Angwenyi, lakini chakula kilipita kwa mikono ya mtoto wa jirani au kiliachwa kwenye kigoda mlangoni, kwa sababu ya chinsoni. Chinsoni ndiyo heshima ya baba na mke wa mwanawe. Baba hakanyagi kizingiti cha nyumba ya mwana. Hatazami kitanda chao, wala hakitaji, wala hatamki neno linaloelekea huko. Nyumba ikiungua, baba husimama nje na kuita watu.

Jioni moja Angwenyi alimwona paka akivuka ua, mkia juu, akaingia kwa Persis.

Alikwenda akasimama kando ya ghala, uso ameuelekeza kwenye migomba.

"Persis."

"Ee, Tata." Sauti ilitoka ndani.

"Umepika?"

"Sijapika, Tata, unisamehe. Kichwa kinaniuma kidogo."

"Paka ameingia huko."

"Ameingia, Tata."

Swali lililobaki lilikuwa moja, na halikuwa na njia ya kupita mdomoni mwa baba mkwe. Kuuliza paka amelala wapi ni kuuliza habari za kitanda. Angwenyi alilizunguka.

"Amepata mahali pazuri?"

Persis alikuwa amelala kitandani, meno yakigongana. Paka alikuwa kando yake, upande wa ukuta, usawa wa bega, akipanda na kushuka. Persis alimtazama. Alijua maana yake kama kila mtu. Lakini mke wa mtu hawezi kumwambia baba mkwe kwamba kuna kitu kitandani kwake.

"Amelala mekoni, Tata. Kwenye majivu."

"Chini?"

"Chini kabisa."

"Basi ni homa tu. Kunywa uji."

"Asante, Tata."

Angwenyi alirudi kwake akalala. Jioni iliyofuata alisimama tena pale pale.

"Bado yuko mekoni?"

"Bado, Tata."

"Vizuri."

Jioni ya tatu aliuliza, na jibu lilikaa sana kabla ya kufika. Lilipofika lilikuwa lile lile.

Bochaberi alikuwa amekwenda Nyansiongo kumsaidia dada yake kuvuna mahindi. Aliporudi alipita kwa Persis na uji asubuhi. Hakukaa ndani. Alitoka na kikombe kikiwa bado kimejaa, akamwendea Angwenyi kwenye chai.

"Angwenyi, wewe ni mtu wa heshima sana."

"Kuna nini?"

"Heshima yako imemlaza huyu mtoto na marehemu kitanda kimoja, na wewe unauliza habari za meko!"

"Alisema paka yuko mekoni."

"Ulitaka akwambie yuko wapi? Na angekwambia, wewe ungeweka wapi uso?"

Angwenyi alikwenda kuita wanaume.

Walimlaza Persis kwenye ngazi iliyotandikwa gunia, wakambeba. Angwenyi alitangulia mbele peke yake, mbali kidogo, ili asimwone mke wa mwanawe akiwa amelala. Njia yote alikuwa akiuliza bila kugeuka, "Bochaberi, anapumua?" na Bochaberi akijibu, "Anapumua, tembea." Paka alifuata nyuma. Walipofika kwenye daraja aliwapita, akashika njia ya kambi ya chifu.

Zahanati ilikuwa imejaa mpaka nyasi. Daktari Walter alikuwa dirishani, kalamu sikioni. Hakuwa daktari kamili, lakini hapakuwa na mwingine wa kuitwa hivyo.

"Mzee, dawa hakuna."

"Daktari, tuliona gari la serikali. Lilishusha maboksi."

"Lilishusha."

"Yako wapi?"

"Yako stoo kwa chifu. Yanangoja mheshimiwa aje kuyakabidhi."

"Na wagonjwa?"

"Sikiliza, mzee wangu. Dawa ambayo haijakabidhiwa bado si dawa. Ni maboksi. Mimi nikiyagusa nitapelekwa Mandera, jangwani."

"Yamekaa huko tangu lini?"

Walter alifikiri. Hakuwa na ubaya usoni, alikuwa anakumbuka tu.

"Yalikuja kabla ya mkeo kufa," alisema. "Aliyefuata?"

Angwenyi alikwenda kambini kwa chifu. Stoo ilikuwa chumba cha mwisho cha ile ofisi ya mabati, na paka alikuwa pale mlangoni. Alikuwa amelala hewani, usawa wa kifua cha Angwenyi, usingizi mzito, masharubu yakitetemeka. Angwenyi aliingiza mkono chini yake. Palikuwa na baridi, na chini ya ile baridi palikuwa na baridi nyingine, na nyingine tena, zimepangana kama blanketi zilizokunjwa. Paka hakupanda na kushuka sawasawa kama nyumbani. Alikuwa anayumba, kwa sababu waliokuwa chini yake hawakupumua pamoja. Jioni Bonareri alikwenda kwa wagonjwa. Mchana alikuwa hapa na wenzake, wakingojea dawa zao.

Angwenyi alisimama hapo akiwa ameweka kiganja kwenye ubaridi wa juu kabisa, ambao aliufahamu. Kisha akaingia ofisini.

Chifu Machogu alikuwa anapiga viatu rangi.

"Afadhali umekuja," alisema. "Watu wako wamelala mlangoni kwangu."

"Si wangu peke yangu, chifu."

"Wa juu ni wako. Paka ni wako. Ungemwambia mama aongee na wenzake, wasogee hata kwa mchongoma. Mheshimiwa akija atapita wapi?"

"Chifu, nimeleta mke wa Nyabuto. Amelaliwa juu. Nipe dawa ya mtu mmoja."

"Nikikupa wewe, boksi litakuwa limefunguliwa."

"Ndiyo. Si lazima lifunguliwe?"

"Na picha? Mheshimiwa atakabidhi boksi lililofunguliwa? Watauliza nani alifungua. Wewe utasema ni wewe?"

"Nitasema."

"Wewe ni nani hata uulizwe?" Chifu alisema, bila hasira. Alitema mate kwenye kiwi, akaendelea kusugua. "Atakuja Alhamisi. Alikuwa aje Alhamisi iliyopita, akapata harambee mahali. Mwambie huyo mtoto avumilie. Leo ni Jumanne, si mbali."

"Mke wangu naye alikuwa avumilie?"

"Mkeo alikuwa mama mzuri," chifu alisema. "Nilikuja matangani. Nilileta sukari."

Hilo lilikuwa kweli.

Angwenyi alituma mtu Kisii mjini kutafuta kwinini ya kununua. Mtu yule alirudi mikono mitupu. Maduka yote ya dawa yalikuwa yamekauka, alisema, na hata Praful alikuwa amefunga duka, Padma akiwa na homa. Basi walikaa kwenye nyasi. Bochaberi alimpepea Persis kwa leso. Jua lilipokuwa kali Angwenyi alishika mwavuli juu ya mgonjwa, akiwa amempa mgongo, mkono umerudi nyuma kwa namna iliyomuumiza bega. Aliposogea vibaya Bochaberi alimwambia, "Kushoto, umenitia mimi kivulini," naye akasogeza. Jioni paka alikuja kutoka kambini, akazunguka mara moja, akalala kando ya Persis, juu. Nyasi zilizokuwa chini yake zililala chini, kama zimelaliwa na mtu mzima.

Jumatano, jua likiwa bado lipo, Persis alisema, "Tata."

"Ee."

"Hakuwa mekoni."

"Najua, mwanangu."

"Niliona haya."

"Najua. Mimi pia."

Angwenyi alikuwa akitazama ukuta wa zahanati, ambako kulikuwa na picha ya mama mnene anayenyonyesha. Baadaye alisikia leso ya Bochaberi imeacha kupepea. Aliendelea kushika mwavuli mpaka alipoambiwa aushushe.

Mheshimiwa alikuja Alhamisi, mchana. Watoto wa shule waliimba. Wanawake walipewa vitenge vya sare wavae, kisha wakaambiwa watavirudisha. Kulikuwa na hotuba, na katika hotuba ilisemwa kwamba serikali imesikia kilio cha wananchi na imewaletea dawa kwa wakati. Watu walipiga makofi. Waliokuwa na wagonjwa walipiga zaidi, ili mambo yaende haraka.

Mheshimiwa alipofika mlangoni mwa stoo, chifu alimnong'oneza. Alitazama paka, ambaye sasa alikuwa usawa wa kidevu chake. Aliinua mguu akaona hautafika. Askari walileta benchi. Mheshimiwa alipanda benchi, akashikwa mabega, akavuka juu ya waliolala, akateremshwa ndani kwa upole. "Poleni," alisema kwa waliokuwa chini, kwa sababu alikuwa mtu wa watu. Paka alifumbua jicho moja, akalifumba. Boksi lilitolewa, likafunguliwa. Mheshimiwa alimpa chifu mkebe mmoja, wakashikana mikono, wakatazama kamera. Picha ilipigwa mara mbili, maana mara ya kwanza chifu alipepesa macho.

Kisha boksi lilibandikwa gundi, na maboksi yote yakarudishwa kwenye gari. Kulikuwa na tarafa nyingine iliyokuwa ikingojea kukabidhiwa saa tisa. Tarafa zilikuwa nyingi, na maboksi yalikuwa yale yale. Ule mkebe mmoja ulibaki kwa chifu, juu ya kabati, kama kumbukumbu.

Nyabuto alifika kutoka Kericho siku ya kuzika. Alipomaliza kumzika mkewe hakurudi kazini. Kila asubuhi alichukua maziwa kwenye kifuniko cha mkebe, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha stoo. Alisema Persis yuko pale, wa pili kutoka juu. Askari walimzoea, wakamwomba tumbaku.

Bonareri hakuja tena nyumbani. Bochaberi alisema hilo si la kushangaza, kwamba hakuna mama mkwe mwenye akili anayeweza kumwacha bibi harusi mgeni peke yake katikati ya watu. Angwenyi alikubali. Lakini yeye hakuweza kwenda pale. Mke wa mwanawe alikuwa amelala mahali pale, mchana na usiku, na baba mkwe hatazami mahali kama hapo. Kwa hiyo alipokuwa na shida ya ofisi alipita njia ya juu, mbali, uso akiuelekeza kwenye chai. Hivyo ndivyo alivyofiwa na mkewe mara ya pili. Nyumbani alilala katikati ya kitanda siku chache, akaona hakumfai, akarudi upande wake.

Walioongezeka waliongezeka. Kufikia mwezi wa nane paka alikuwa analala karibu na mbao ya juu ya mlango, na ofisi haikuweza kutumia stoo. Chifu Machogu aliandika kwa wakubwa, wakubwa wakatuma mhandisi. Mhandisi alipima urefu wa waliolala kwa futi, akaandika, akasema kuwaondoa kutahitaji kibali kutoka Nairobi. Kukata mlango mwingine nyuma hakuhitaji kibali. Fundi alikuja na msumeno.

Mlango mpya ulikuwa mzuri, mpana kuliko ule wa kwanza, na kizingiti chake kilikuwa cha simenti laini. Kulifanyika maombi ya kuufungua. Hakuna aliyelala hapo mpaka mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, gari lilipoleta maboksi.